Sahani Elfu kwa Siku, Malipo Baadaye

Ndugu zangu mnaopika, mnaopamba na mnaofunga mahema kwenye shughuli za watu, naomba tuitazame habari ya mama mmoja wa Bahamas, Maryann Rolle. Alikuwa na mgahawa wake katika kisiwa cha Great Exuma. Mwaka 2017 akapata kazi ambayo yeyote kati yetu angeikimbilia: kuwapikia watu waliokuwa wakiandaa tamasha la Fyre.

Jina la tamasha lilikuwa kubwa. Wanamitindo maarufu walilitangaza mitandaoni, tiketi za daraja la juu zikafika dola 12,000. Wageni waliahidiwa majumba ya kifahari; walipofika mwishoni mwa Aprili walikuta mahema ya maafa. Shughuli ikavunjika.

Kwa maelezo yake mwenyewe, Rolle alikuwa akitoa si chini ya sahani 1,000 kwa siku, chai ya asubuhi, chakula cha mchana na cha jioni, na watu kumi jikoni kwake wakikesha. Hakulipwa. Wale kumi nao walikuwa wanadai jasho lao, akawalipa kwa akiba yake, takriban dola 50,000. Mwandaaji, Billy McFarland, alihukumiwa kifungo cha miaka sita mwaka 2018. Mama huyu alipata nafuu mwaka 2019, pale filamu ya tukio hilo ilipowagusa watu wakamchangia zaidi ya dola 200,000. Sisi wengine nani atatupiga filamu?

Simlaumu hata kidogo. Mteja mkubwa akibisha hodi, nami ningewasha jiko. Lakini dalili zilikuwepo. Tamasha lilikuwa limeshahamishwa kutoka kisiwa kilichotangazwa mwanzo. Kampuni kubwa ya chakula iliyopangiwa kazi ilijitoa wiki chache kabla ya siku yenyewe. Mwenye mtaji kukuzidi akiacha kazi, ulizia sababu kwanza.

Kwetu dalili huja na kamati ya harusi. Mwenyekiti anasema, "Usijali, tutamalizana baada ya shughuli." Idadi ya wageni inapanda kutoka 200 hadi 350, bei inabaki ileile. Mweka hazina hapokei simu. Ukitaja kianzio unaambiwa watakuja watu wakubwa, utajulikana. Tunazisikia kauli hizi na bado tunaagiza mchele, kwa sababu tunaogopa kazi isiende kwa mwingine.

Na hapa tunajiponza wenyewe. Tunataja bei ya sahani kavukavu, bila kueleza kilichomo, kisha tunashangaa kuitwa ghali. Iandike: nyama na mchele, gesi, usafiri wa vyombo, wahudumu wangapi na watabaki hadi saa ngapi, nani analipa kikivunjika kitu. Kamati ikiona hayo, inapoomba punguzo itabidi iseme ipunguziwe nini, wahudumu au nyama. Mkikubaliana, wekeni saini, na wageni wakiongezeka hesabu ifanywe upya siku hiyohiyo.

Kianzio kitoshe angalau manunuzi ya sokoni na ujira wa wasaidizi. Faida yako ndiyo inayoweza kusubiri. Wakikwambia michango bado haijaingia, waambie kwa upole kwamba utakwenda sokoni ikiingia.