Mkono Unaovuta

Usiku wa kuamkia Juni 1, 2009, ndege ya Air France namba 447 ilikuwa juu ya Atlantiki, ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris na watu 228 ndani. Ilianguka kwa takriban dakika tatu na nusu, injini zote mbili zikinguruma mpaka majini.

Kilichoanza kilikuwa kidogo. Mirija inayopima mwendo iliziba kwa chembe za barafu, kwa muda wa takriban dakika moja tu. Mtambo wa kujiendesha ukajizima, usukani ukaangukia mikononi mwa marubani wawili. Rubani mkuu alikuwa amekwenda kupumzika. Aliyeshika usukani akauvuta. Kutoka futi 35,000 ndege ikapanda hadi karibu 38,000, mwendo ukaishia njiani, na mabawa yakashindwa kuibeba.

Hali hiyo marubani huiita stoli, na haihusiani na injini kuzimika kama gari linavyozimika mlimani. Bawa hubeba ndege maadamu hewa inapita ikiwa imeushika mgongo wake. Likiinuliwa mno dhidi ya upepo unaolijia, hewa huachana nalo, na ndege hushuka hata kama pua yake inatazama nyota. Dawa ni kulegeza mkono na kushusha pua ili hewa ishike tena. Yaani anayeanguka atakiwe kuelekea chini! Mwili wote hukataa.

Ndiyo maana mwanafunzi wa Cessna 172 huanza zoezi hili mapema, kabla hajaachiwa ndege peke yake. Yeye na mwalimu wake wanapanda juu vya kutosha, wanageuka huku na huku kuhakikisha chini hakuna ndege nyingine, kisha mwanafunzi anapunguza nguvu ya injini na kuendelea kuinua pua. Kelele za upepo zinafifia. Usukani unalegea mkononi. Kwenye bawa la kushoto inaanza filimbi nyembamba, halafu mtikisiko, halafu pua inaanguka yenyewe. Hapo ndipo mkono unapotaka kuvuta, na mwalimu analo neno moja tu: "Legeza."

Kinachoniuma ni kwamba kwa miaka mingi marubani wa ndege kubwa walirudia zoezi hilo kwa namna iliyofunza kinyume chake. Waliishia kwenye dalili ya kwanza, karibu na ardhi, wakaongeza nguvu ya injini na kushikilia pua, na aliyesifiwa ni yule asiyepoteza futi nyingi. Kwenye hewa nyembamba ya futi 35,000 nguvu ya kuongeza ni ndogo. Urefu ndio mtaji, na lazima uutoe. Wachunguzi wa Ufaransa waliandika mwaka 2012 kwamba marubani wa ndege 447 hawakuwa wamefunzwa kushika ndege kwa mkono katika hali kama ile huko juu. Baadaye mafunzo yalibadilishwa: kwanza shusha pua, urefu utautafuta baadaye. Marekani iliagiza mwaka 2013 kwamba marubani wa mashirika waingie kwenye stoli kamili ndani ya mtambo wa kuigizia urukaji, wauhisi mtikisiko wenyewe.

Usiku ule juu ya Atlantiki, sauti ya onyo la stoli ililia sekunde 54 mfululizo. Kisha mwendo ukashuka mno, kompyuta ikaona vipimo havina maana, ikanyamaza. Pua iliposhushwa kidogo vipimo vilirudi, na onyo likalia upya, kana kwamba linamkemea mtu kwa kufanya jambo sahihi.

Walipokaribia futi 10,000, aliyeshika usukani alisema kwamba muda wote huo amekuwa akivuta. Rubani mkuu, aliyekuwa amesharudi, akamkataza asipande. Ilikuwa imebaki chini ya dakika moja. Visanduku vyeusi, vilivyoopolewa mwaka 2011 kutoka kina cha karibu mita 3,900, vinaonyesha kwamba ndege iligusa maji pua yake ikiwa imeinuka nyuzi 16.