Ziwa la Karibu na Barafu ya Mbali

Karatu ni mji uliozoea kuona wasafiri wakipita. Kila asubuhi magari hupanda barabara ikatayo mashamba ya udongo mwekundu, yakaelekea lango la Lodoare, na jioni hurudi na vumbi la kreta juu ya vioo. Mzaliwa wa mji huo aweza kufikia umri wa kuwa na wajukuu bila ya kupanda barabara ile kwa ajili ya kutazama tu. Hili si ajabu. Kilicho jirani hakina haraka, na mtu huahirisha kukiona kwa sababu ile ile ambayo ilipasa kumfanya akione kwanza.

Na achukuliwe mtu mmoja wa mji huo, mathalani mwalimu wa shule, ambaye baada ya miaka mingi ya kazi amepata likizo na akiba ya fedha itoshayo safari moja. Akiba hiyo yaweza kumlaza siku chache katika hoteli juu ya ukingo wa Ngorongoro, mahali ambapo mtu huamka katika ukungu na baridi, akangoja pazia lile lipande, kisha akaona chini yake, yapata meta 600, bonde lenye upana wa kilomita karibu 20 na Ziwa Magadi likimeta katikati kama sinia lililosahauliwa uani. Au akiba hiyo hiyo yaweza kumpeleka mashariki, kupitia Mto wa Mbu, Makuyuni na Arusha mpaka Moshi, na kutoka hapo kupanda Kilimanjaro siku tano, sita au zaidi, akaione barafu. Hawezi kufanya yote mawili. Achague nini, na kwa sababu gani?

Jambo hili kwa mara ya kwanza laonekana kuwa la ladha tu, kama kuchagua kati ya ndizi na wali. Lakini mwalimu huyo akiomba shauri kwa rafiki zake hatajibiwa kwa lugha ya ladha. Atajibiwa kwa lugha ya wajibu. Wengi watamwambia aende kwenye barafu, kwa kuwa barafu yafa na ziwa litamngoja. Na zaidi ya hayo, kwa kuwa kupanda mlima ni taabu, na taabu humfaa mtu kuliko kukaa barazani na kikombe cha kahawa. Shauri hilo lina sababu mbili ndani yake, ya haraka na ya taabu, na kila moja yastahili kupimwa peke yake.

Sababu ya haraka ina nguvu nyingi. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekuwa akikaa Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe wa Kibo mwaka 1848 akaandika kuwa ni theluji. Wataalamu wa jiografia katika London, na mbele yao William Desborough Cooley, walimkatalia. Theluji karibu na ikweta ilikuwa kwao ni ndoto ya mtu mwenye homa. Wachaga, waliouona mlima ule kila kulipokucha, hawakuulizwa. Ilipopimwa mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa imeenea zaidi ya kilomita za mraba 11. Mwaka 2011 zilikuwa zimesalia pungufu ya 2. Mwaka 2002 wataalamu waliokuwa wametoboa barafu hiyo miaka miwili kabla walikisia kuwa ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na mabaki yangalipo, na mgonjwa aliyetabiriwa kufa akaishi huwaaibisha matabibu wake, walakini hakupona. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kuwa barafu ya milima ya Afrika yatazamiwa kutoweka ifikapo 2050. Mtu aliye na umri wa miaka arobaini leo aweza kabisa kuishi kuliko barafu iliyokuwako kabla ya ukoo wake kuwa na jina.

Kwa hiyo safari ile ni ya kuaga. Sasa, desturi za watu wa nchi hizi zinajua sana namna ya kuaga. Mtu huenda kumjulia hali mgonjwa, huenda kuhani, hukaa mkekani na wafiwa hata kama hana neno la kusema, na hapana aulizaye faida. Lakini wema wa ziara hizo watoka wapi? Watoka katika kuwa yupo mtu wa upande wa pili. Mgonjwa hupata faraja kwa kuonwa. Wafiwa hupata nguvu kwa kuona kuwa hawako peke yao. Barafu haifarijiki. Haijui kama amekuja mtu mmoja au elfu hamsini. Aliyeipanda na kupiga picha ameifanyia nini isipokuwa kuifanya sehemu ya habari zake mwenyewe? Na wageni watokao mbali, ambao huruka baharini na nchi kavu kwa ndege ili waione kabla haijaisha, huongeza, kwa kadiri ndogo lakini ya kweli, joto lile lile la ulimwengu ambalo ni miongoni mwa mambo yaimalizayo. Mwalimu wa Karatu atakwenda kwa basi, na lawama hiyo haimpati. Lakini swali la faida lampata kama wao.

Mtetezi wa safari ya mlimani aweza kujibu kuwa yuko anayefaidika, naye ni mtu wa kesho. Jibu hili ni zuri kuliko yote yaliyo upande huo. Mwaka 1848 watu wenye elimu hawakusadiki kuwa palikuwa na barafu. Yamkini utakuja wakati ambapo mtoto wa Marangu naye hatasadiki kuwa ilikuwako, na itafaa awepo mzee wa kumwambia, Mimi niliiona, niliigusa kwa mkono huu. Ushahidi ni wajibu, na shahidi ni lazima awe amehudhuria. Hata hivyo, barafu ya Kilimanjaro haikupungukiwa na mashahidi. Imepimwa, imechorwa, imepigwa picha kutoka angani, na vipande vyake vilivyotobolewa mwaka 2000 vilipelekwa Marekani vikasomwe. Ni vigumu kukumbuka kitu kingine kinachokufa katika Tanzania ambacho kimeshuhudiwa kwa bidii kama hiyo.

Ama sababu ya taabu, hiyo ni dhaifu zaidi, na ingeweza kupitwa haraka kama isingekuwa maarufu sana. Mpandaji huchoka kweli, kichwa humuuma kwa uhaba wa hewa, na huenda akarudi kabla ya kilele. Lakini hema lake, chakula chake na kiti chake hubebwa na wapagazi, ambao mlimani huitwa wagumu, kila mmoja na mzigo ambao sheria ya hifadhi imeuwekea mpaka wa kilo 20. Wao hufika kambini kabla yake na hapana anayewapa cheti. Taabu ya hiari ni nusu ya taabu, na mwenye kuilipia asiifanye kuwa sadaka.

Yasalia Ngorongoro, mahali pa raha. Hapa ndipo rafiki za mwalimu walipokosea zaidi, maana walidhani kuwa mahali pasipo na haraka wala taabu hapana swali. Anayekaa barazani juu ya ukingo hutazama chini akaona nyati, heroe kandokando ya magadi, pengine kifaru katika nyasi. Haoni boma wala ng'ombe. Hupendezwa na utupu huo, akauita maumbile. Lakini utupu ule una tarehe. Mwaka 1959, Wamasai walipoondolewa katika nchi iliyofanywa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, eneo la Ngorongoro lilitengwa kwa sheria mbali nayo, ili watu na wanyama wakae pamoja. Walioacha Serengeti waliambiwa kuwa huku ndiko kwao. Mwaka 1974 waliokuwa wakikaa chini ya kreta waliondolewa. Mwaka 1975 kulima kulikatazwa katika eneo lote. Tangu mwaka 2022 maelfu wamehamishiwa Msomera, katika wilaya ya Handeni, mamia ya kilomita kutoka malisho yao, na mwezi wa Agosti 2024 wengi waliobaki walijitokeza barabarani kulalamika. Karibu na ukingo huo huo iko kumbukumbu ya mawe ya Michael Grzimek, aliyekufa kwa ajali ya ndege mwaka 1959 akihesabu wanyama, na baba yake Bernhard amezikwa hapo. Magari husimama watu wakasoma maandishi yake. Kwa wale waliohama hapana jiwe.

Haki yataka neno la Serikali lisikiwe pia. Mwaka 1959 watu wa eneo hilo walikuwa yapata 8,000. Katika miaka hii wamepita 100,000, na nchi haikupanuka. Mifugo imeongezeka, vichaka vimepungua, na fedha za wageni hulipa mishahara na barabara mbali sana na Ngorongoro. Serikali husema kuwa wanaohama huhama kwa hiari na hupewa nyumba na mashamba. Wanaolalamika hujibu kuwa hiari ya mtu ambaye shule na zahanati yake zimenyimwa fedha ni hiari ya namna ya pekee. Mgeni wa siku tatu hawezi kuhukumu shauri hilo, wala si haki kumwambia kuwa kahawa anywayo barazani ni kahawa ya dhuluma. Hakumhamisha mtu.

Lakini ni mgeni, na ugeni una adabu zake. Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Juu ya ukingo ule methali hiyo yasomeka vibaya: mgeni amekuja, mwenyeji amefungashiwa. Na kama adabu ya chini kabisa ya mgeni ni kujua nyumba aliyoingia ni ya nani, basi raha ya Ngorongoro yadai kitu ambacho taabu ya Kilimanjaro haidai. Barafu haina wa kuulizwa. Hapa yuko.

Tena mwalimu wa Karatu si mgeni kwa namna ya wengine. Chemchemi zinywewazo na mji wake hulishwa na msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro. Wanafunzi wake ni watoto wa madereva, wapishi na wauza mboga ambao hula kwa sababu watalii hupita. Jamaa zake Wairaqw wamelima mpaka kwenye mpaka wa hifadhi na wanajua thamani ya ekari moja. Akisema kuwa shauri la Wamasai halimhusu, maji ya bomba lake yatamkanusha. Na ile sababu ya haraka, iliyokuwa ikimsukuma mashariki, humrudia hapa kwa sura nyingine: rafiki zake walisema ziwa litamngoja, na ni kweli, magadi yatakuwapo, wasiokuwa na hakika ya kungoja ni watu. Barafu ina miaka iliyokisiwa, boma haina hata hiyo.

Kwa hiyo shauri lililo bora ni apande barabara ya karibu, wala asiishie hotelini. Kupita Nainokanoka, kaskazini ya eneo lile, iko kreta ndogo ya Empakai, ambayo sehemu kubwa ya sakafu yake ni ziwa refu la kina. Gari halishuki, mtu hushuka kwa miguu ndani ya msitu, akifuatana na askari wa hifadhi, na mara nyingi huwako pia kijana wa Kimasai wa kumwongoza njia. Siku ya anga safi, kabla ya kushuka, mtu akisimama juu ya ukingo huona Oldoinyo Lengai upande wa kaskazini, na mbali sana mashariki, juu ya mawingu, Kilimanjaro na weupe uliosalia. Ataiona barafu kwa umbali unaoifaa, na itamgharimu tu kugeuza shingo. Kisha atashuka, mwendo wa karibu saa moja, heroe wakiwa chini kama ukungu wa waridi. Kupanda ni kwa taratibu na kwa kutweta, na njiani kuna nafasi ya kutosha ya kumuuliza kijana yule anakokaa, na kama mwakani atakuwa akikaa huko.