Je, Kodi Yatosha Kumwonyesha Mtu Mahali pa Kukaa?

Kati ya mashauri makubwa ambayo mkubwa wa nyumba hupaswa kuyakata, mojawapo ni hili: jamaa yake ikae wapi? Mahali pa kukaa si nguo, ambayo mtu huivaa asubuhi na kuivua jioni. Mahali pa kukaa huwapa watoto rafiki zao, humpa baba kazi yake, tena huwapa wazee kaburi lao. Kwa hiyo yafaa mtu achague kwa akili na kwa dhamiri safi, wala asichague kwa hasira ya siku moja.

Katika mitaa ya Dilala, mjini Kolwezi, hasira ya namna hiyo husikika mara nyingi. Mama anayeuza mboga hulipia meza yake sokoni. Mwenye lupango huulizwa kodi ya lupango. Mwenye kupangisha vyumba huulizwa kodi ya fedha apatazo kwa wapangaji. Mwenye motokari huulizwa kodi ya motokari, na akishika njia ya Lubumbashi hulipa tena kwenye kizuizi cha barabara. Ndipo watu husema: «Twende zetu kijijini, kule hakuna mtu wa kutuuliza kitu.» Wengine husema: «Tuvuke mpaka, tukae Zambia.» Tena wako wanaotafuta njia ya tatu, ambayo itaelezwa mbele, kwa maana ndiyo mbaya kuliko zote.

Je, mkristu, au mtu anayejitayarisha kwa ubatizo, aweza kuchagua makao yake kwa ajili ya kodi? Jibu ni hili: aweza kuitia kodi katika mizani pamoja na mambo mengine, lakini kodi isiwe mizani yenyewe.

1. Kuhama si dhambi

Kwanza ifahamike kwamba kuhama si dhambi. Abrahamu, baba wa waamini, alihama. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 30, yampa kila mtu haki ya kutembea nchini na kukaa apendapo. Lakini Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 65, yamwagiza kila Mkongomani kulipa kodi zake. Vifungu hivi viwili haviteti. Cha kwanza chasema: chagua makao yako. Cha pili chasema: popote utakapochagua, beba mzigo pamoja na wenzako.

Wala isisemwe kwamba kila kodi iliyopata kuwako ilikuwa ya haki. Wazee wa Katanga wajua habari hizo. Amri ya mwaka 1910 iliweka kodi ya fedha juu ya wanaume wa Kongo, nao hawakuulizwa shauri lao. Kodi ile haikutafuta fedha tu. Ilitaka pia kuwasukuma wanaume waache mashamba yao na kwenda kutafuta mshahara migodini. Katika miaka ile watu wengi wa ukingo wa mto Luapula walivuka maji na kuingia Rodezia ya Kaskazini, nchi ambayo tangu mwaka 1964 huitwa Zambia, wakikimbia kodi na kazi ya lazima. Nani angeweza kuwalaumu? Lakini ng'ambo ya mto nako walikuta Waingereza wakitoza kodi ya nyumba. Waliacha mashamba yaliyokwisha kulimwa na makaburi ya wazee wao, na mtoza kodi mwingine akawapokea.

Twajifunza hapa mambo mawili. Kukimbia udhalimu ni halali. Lakini mtu anayetazama kodi peke yake aweza kuvuka mto mzima ili kuikuta kodi ile ile, imevaa nguo nyingine.

2. Kodi iliyoandikwa na kodi isiyoandikwa

Tuseme kuna baba mmoja wa Dilala ambaye amekaa na mkewe jioni wakihesabu. Kodi zao zote za mwaka, za lupango, za vyumba viwili wanavyopangisha, na za meza ya sokoni, zafika franka 240,000, ndiyo franka 20,000 kwa kila mwezi. Baba asema: «Tukienda kijijini kwa wazee, fedha hizi zitabaki mfukoni mwetu.»

Hesabu yake si ya uwongo, lakini haijakwisha. Mkewe aendelea kuhesabu. Ili kuuza mihogo na kununua chumvi na sabuni, itawapasa kupanda pikipiki mpaka mjini mara mbili kwa mwezi. Kwenda na kurudi ni franka 6,000. Kwa mwaka ni safari 24, yaani franka 144,000. Watoto wadogo watapata shule ya msingi kule, nayo ni bure katika shule za serikali tangu mwaka 2019. Lakini binti yao mkubwa yuko shule ya sekondari. Atabaki Kolwezi kwa shangazi yake, na haifai ale huko bila kupelekewa unga. Unga huo ni franka 10,000 kwa mwezi, katika miezi 10 ya masomo, yaani franka 100,000. Jumla ni franka 244,000. Kodi iliyoandikwa imekwisha kupitwa na kodi isiyoandikwa, na bado hakuna mtoto aliyeshikwa na homa usiku, mbali na hospitali.

Wahenga walisema: rahisi ghali. Hata hivyo, hesabu ya jamaa nyingine yaweza kugeuka. Yuko mtu ambaye mjini hununua kila kikombe cha unga, na kijijini ana shamba kubwa la urithi. Yuko mwingine ambaye mama yake ni mzee, haoni vizuri, naye hana mtu wa kumchotea maji. Huyo akihama, amefanya vema. Lakini angalia: shamba ndilo lililomwita, na mama ndiye aliyemwita. Kodi haikumwita, ilimkumbusha tu kuketi na kuhesabu.

3. Mali ya wote hulipwa na nani?

Watu wa nchi ya shaba wana shida moja ambayo wengine hawana. Kwa miaka mingi hawakuona wazi kwamba barabara, dawa na shule hulipwa na mtu. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliwapa wafanyakazi wake nyumba, unga, hospitali na shule za watoto. Mwaka 1967 mali ya kampuni hiyo ilikuwa imeingia mikononi mwa serikali, na baadaye kampuni mpya ikaitwa Gécamines, ambayo nayo ilifuata desturi ile ile. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba za kampuni aliweza kukua akidhani kwamba hospitali huota kama uyoga.

Kisha njaa ikaja. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kufika mwaka 2003 haikufikisha hata tani 20,000. Mwaka huo huo wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa fedha za kuondokea kazini, kwa msaada wa Benki ya Dunia. Watu waliokuwa wamechagua makao yao kwa sababu moja tu, yaani kampuni, walibaki bila sababu hiyo. Ndipo ilipoonekana wazi kwamba mali ya wote, kama haina wenyewe wa kuilipia, huharibika.

Leo migodi imefufuka mikononi mwa makampuni mengine. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 imepanga ushuru juu ya madini: 3.5 kwa 100 juu ya shaba, na 10 kwa 100 juu ya madini yaliyotajwa kuwa ya maana kupita mengine, kama kobalti. Ushuru huo hugawanywa hivi: sehemu 50 kwa 100 huenda kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa wilaya ya mji, sekta au nchi ya chifu yenye mgodi, na 10 huwekwa kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Mwingine atasema: «Kama migodi yalipa hivyo, mimi mwenye meza ya nyanya nalipa ya nini?» Swali hilo lina haki ndani yake, nalo lisizimwe. Papa Yoane XXIII, katika barua yake Mater et Magistra ya mwaka 1961, alifundisha kwamba katika kodi ya haki mzigo wa kila mtu hupimwa kwa nguvu zake. Basi wakubwa wanaomkaba mama wa nyanya na kumwachia tajiri wamekosa. Tena mtoza kodi anayepokea fedha bila kutoa karatasi ya malipo hakutoza kodi, amenyang'anya. Raia ana haki ya kudai karatasi hiyo, na kuuliza ile sehemu ya 15 imejenga nini. Lakini aulizaye hesabu ya mfuko wa wote, naye mwenyewe hajatia kitu ndani yake, maneno yake hayana uzito. Aliyelipa huuliza kama mwenye mali.

4. Mwili Dilala, jina mahali pengine

Sasa yafaa kusema juu ya ile njia ya tatu. Wako watu wasiohama wala wasiolipa. Mwili wao walala Dilala kila siku, lakini majina yao wameyaandikisha mahali pengine, au mali yao wameiandika kwa jina la ndugu wa mbali. Watoto wao husoma Dilala. Mke wao akiumwa uchungu wa uzazi, hupelekwa hospitali ya Kolwezi. Motokari yao hupita barabara ya wote. Lakini mtoza kodi akibisha hodi, husema: «Mimi ni mgeni hapa.»

Huyu hakuchagua makao. Amechagua kula chungu kimoja na majirani, na wakati wa kuteka maji na kukata kuni ajiite mgeni. Tena mzigo anaoukwepa hauanguki chini. Huongezwa juu ya kichwa cha mwingine, na mara nyingi huyo mwingine ni mjane mwenye lupango kidogo, asiyejua hila za karatasi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika mwaka 1965, uliwakemea waziwazi wanaotumia hila ili wasilipe kodi za haki. Haukusema hivyo kwa kuipenda serikali kupita kiasi, bali kwa kumpenda jirani.

Wakatekumeni wakumbuke ile habari ya Matayo, mlango wa 22. Wale waliotaka kumtega Yezu kwa neno la kodi waliombwa waonyeshe fedha, nao walikuwa nayo. Fedha ya Kaisari ilikuwa tayari katika mikono yao. Waliitumia sokoni kila siku. Mtu anayetumia faida ya mahali hawezi kusema kwamba mahali pale hapamdai kitu.

5. Macho ya Loti

Kitabu cha Mwanzo, katika mlango wa 13, chasimulia jinsi Abrahamu, ambaye wakati ule aliitwa Abramu, alivyomwachia Loti, mwana wa ndugu yake, achague kwanza. Loti aliinua macho, akaona bonde la Yordani lenye maji mengi na majani mazuri, akalichagua. Majani yale yalikuwa ya kweli. Macho yake hayakumdanganya. Kosa lake ni kwamba alitazama kitu kimoja tu. Hakuuliza watu wa Sodoma ni watu wa namna gani, wala binti zake watakuwaje kati yao.

Anayehama kwa ajili ya kodi ndogo ana macho kama ya Loti. Kodi ndogo ni kitu cha kweli, na maskini hapaswi kuidharau franka hata moja. Lakini faida hiyo huhesabika kwa siku moja, na mambo mengine huhesabika kwa miaka mingi: shule ya watoto, maji safi, kazi ya kweli, wazazi waliozeeka, na jirani wa kumbishia mlango usiku wa manane.

Basi, kila mwenye shauri la kuhama ajiulize mambo haya, akiwa pamoja na mkewe, kabla ya kufunga mizigo:

Je, tumehesabu kodi isiyoandikwa, au ile iliyoandikwa tu?

Je, tukiondoka, ni nani atakayebaki bila msaada? Na huko twendako, ni nani atakayefurahi kutuona?

Je, kule tutakapokaa, tutakuwa tayari kubeba sehemu yetu ya mzigo, au twatafuta mahali pa kula bila kuteka maji?

Mtu akijibu maulizo haya kwa ukweli, akikaa Dilala amefanya vema. Akienda kijijini amefanya vema. Akivuka mpaka kwa njia halali amefanya vema vilevile. Mahali popote atakapofika, ajitambulishe kwa wakubwa wa pale, adai karatasi ya malipo yake, na awasaidie majirani kutengeneza kisima.