Pointi 218 dhidi ya 204

Fainali ya Wimbledon ya mwaka 2019 haijanitoka moyoni. Seti ya tano, Federer anaongoza 8–7, 40–15, na yeye ndiye anayeanzisha mpira. Pointi moja tu ashinde, akiwa na miaka 37! Djokovic akamnyima nafasi zote mbili, na baada ya saa 4 na dakika 57 kombe likawa lake.

Kisha nikaona hesabu: Federer alipata pointi 218, Djokovic 204. Tenisi haijumlishi kama mpira wa miguu. Federer alibeba seti ya pili 6–1, lakini seti zote tatu alizopoteza ziliamuliwa kwa taibreki, na kila seti ina uzito uleule. Tangu jioni ile nampenda Federer zaidi.