Moyo Mwema Hautoshi

Watu husema kwamba asiyejua hana hatia. Neno hilo lina ukweli, lakini si ukweli wote. Na kwa kijana anayesomea udaktari laweza kuwa neno la hatari. Wazazi wengi wana watoto katika vyuo hivyo, basi yafaa tulipime.

Tutazame yaliyotukia Yambuku, kaskazini mwa Kongo, mwaka 1976. Hospitali ya misheni ilikuwa na vitanda 120 na watumishi 17, pasipo daktari. Mwishoni mwa Agosti alifika mtu mwenye homa, akadhaniwa ana malaria, akapigwa sindano ya klorokwini. Kila asubuhi wauguzi walipewa sindano tano tu za kutumia kutwa, nazo zilisuuzwa kwa maji ya vuguvugu kati ya mgonjwa na mgonjwa. Kumbe Ebola ilikuwa imeingia, ugonjwa ambao ulimwengu ulikuwa haujaupa jina. Katika eneo hilo waliugua watu 318, wakafa 280. Katika watumishi wale 17 walikufa 11.

Je, walikuwa na hatia? Dalili za ugonjwa ule hakuna kitabu kilichozieleza, wala hatuthubutu kuwahukumu watu waliouguza hata kufa. Sindano isiyochemshwa ni jambo jingine: hatari yake ilijulikana, ijapokuwa uhaba wa vifaa haukuwa kosa la muuguzi peke yake. Hata hivyo, wema wao haukuzuia maradhi. Virusi havipimi nia ya mtu.

Leo hali si ile. Dalili zimeandikwa. Kati ya siku 2 na 21 baada ya kuambukizwa, homa huja ghafla pamoja na uchovu na maumivu ya kichwa, ya misuli na ya koo. Kisha hufuata kutapika na kuhara. Kutokwa damu hakumpati kila mgonjwa, tena kwa kawaida huchelewa. Mwanafunzi aliyekariri neno "damu" kwa ajili ya mtihani atampokea mgonjwa wa siku ya kwanza na kumwandikia dawa ya malaria bila wasiwasi. Kweli, mara nyingi itakuwa malaria. Ndiyo maana maarifa yanayotakiwa si kukisia upesi, bali kuuliza: umetoka wapi? umemwuguza nani? umemzika nani? na kuvaa glavu kabla jibu halijapatikana. Kuuliza si ujinga.

Wala hatusemi habari za mbali tu. Mkoa wa Kagera ulipatwa na Marburg, ugonjwa wa ukoo mmoja na Ebola, mwaka 2023 na tena mwaka 2025.

Basi twasema hivi: kutojua kusikoepukika hakuna hatia, lakini kutojua kwa uvivu ni deni, na anayelilipa ni mwingine, kwa uhai wake. Katika deni hilo mwalimu anayefundisha kwa ajili ya mtihani tu ana fungu lake, na mkubwa wa hospitali anayemnyima muuguzi glavu ana fungu lake.

Nasi wazazi, mwana arudipo likizoni, tusimwulize tu kama amefaulu. Tumwulize kama anajua. Huruma yamfikisha mganga kitandani pa mgonjwa. Lakini pasipo maarifa, mkono ule ule wa huruma waweza kuua.