Mzinga Ulioruka Mtoni Pamoja na Mpigaji Wake

Barabara ya kutoka Kolwezi kwenda Likasi inapita Fungurume. Leo ukilitaja jina hilo watu wanakumbuka mgodi na malori ya shaba na kobalti. Mwaka 1915 Fungurume palikuwa mwisho wa reli, na mwanzoni mwa Agosti mwaka huo treni iliyotoka Cape Town ilishusha pale boti mbili za vita za Waingereza, Mimi na Toutou. Zilikuwa zinakwenda Ziwa Tanganyika kupigana na meli za Wajerumani. Mbele yake kulikuwa na zaidi ya kilomita 200 za pori na milima ya Mitumba, kabla ya kufikia reli ndogo ya Sankisia, kisha Bukama, kisha mto wetu Lualaba.

Kisa hiki nakileta kwa vijana wa karakana za Dilala, hapa Kolwezi, wanaochomelea mageti na kufufua injini ambazo wenyewe walishazikatia tamaa. Wanasikia kwamba ng'ambo karakana ndogo inaweza kupewa fedha za serikali ili ibuni chombo cha wanamaji, na wanauliza kwa nini isiwe hapa. Wanayosikia ni kweli. Marekani ilitunga sheria mwaka 1982 kuwatengea wafanyabiashara wadogo fungu la fedha za utafiti, na jeshi lake la majini ni mmoja wa watoaji. Awamu ya kwanza ni kuthibitisha kwamba wazo linawezekana. Ya pili ni kutengeneza mfano na kuupima. Ya tatu ni kukiingiza chombo kazini, na hapo fungu lile limekwisha. Lazima apatikane mnunuzi. Kijana akinieleza mradi wake, mara nyingi ameshafika awamu ya tatu. Amekiruka kipindi kizima cha kupima, na kisa cha Mimi na Toutou kinaonyesha kinachokuwamo ndani ya kipindi hicho.

Boti zenyewe zilitengenezwa na Thornycroft, wajenzi wa vyombo wa Uingereza, kwa kazi nyingine kabisa: kuhudumia ndege za majini za Wagiriki. Urefu wake ulikuwa futi 40, injini mbili za petroli, mbao nyembamba, mwendo wa kasi. Vita vilipopamba moto zikachukuliwa, zikafungwa mzinga mdogo omo na bombomu tezi. Mwezi Juni 1915 zikajaribiwa katika mto Thames, London. Mzinga ukapigwa, risasi ikalenga barabara, kisha mzinga wenyewe ukang'oka, ukaruka mtoni pamoja na askari aliyeupiga. Haukuwa umekazwa boliti sawasawa kwenye sitaha.

Ingekuwa rahisi kuwacheka. Lakini nawasifu, maana aibu ile ilitokea Thames, karibu na mafundi na vipuri. Ingengoja mpaka Tanganyika, ingekuwa mazishi. Hata hivyo boliti hazikumaliza neno. Kila mzinga unapopiga mbele, unamrudia pia aliyeubeba. Mbao zile hazikuundwa kwa pigo la namna hiyo, na salama yao ikawa kupiga kuelekea omo tu. Mkuu wa msafara, Geoffrey Spicer-Simson, alisafiri akilijua hilo, na akapanga vita vyake kwa kulifuata.

Ambalo halikupimwa ni njia. Kutoka Fungurume boti zilikokotwa na trekta mbili za mvuke, na trekta zilipozidiwa, na ng'ombe na mamia ya watu wa huku kwetu waliotangulia kukata miti, kulainisha miteremko na kujenga madaraja zaidi ya 100. Trekta ya mvuke inataka kuni na maji. Kuni zilikuwa tele, lakini ulikuwa wakati wa kiangazi na vijito vimekauka. Boti nazo zilitaka maji, kwa sababu jua la Katanga lilikuwa linakausha mbao na kuzifungua viungo, zikawa zinamwagiwa ili zisipasuke. Ilifika mahali mashine zikasimama, na walioziokoa ni akina mama wa vijijini, waliotembea masafa marefu na vyombo vya maji kichwani wakaja kuyamimina ndani ya trekta. Fikiria mama wa Mitumba, ana watoto nyumbani wenye kiu ileile, anainua mtungi wake anakinywesha chuma kilichotoka Ulaya. Vitabu vimehifadhi majina ya maofisa wa Kiingereza hadi wadogo. Jina la mama hata mmoja sijalikuta, na jambo hilo linaniuma kila nikipita ile barabara.

Mwishoni mwa Septemba wakafika Sankisia, na mwishoni mwa Oktoba wakafika ziwani, Lukuga, karibu na Kalemie ya leo.

Tarehe 26 Desemba 1915 ikatokea meli ndogo ya Wajerumani, Kingani. Mzinga wake ulikuwa unapiga mbele tu. Spicer-Simson akaiacha ipite, akatoka nyuma yake, na kwa muda wa dakika chache ikawa mateka. Ikatengenezwa, ikaitwa Fifi, ikawekewa mzinga mkubwa zaidi. Na hapo walewale waliofundishwa na mto Thames wakasahau somo. Tarehe 9 Februari 1916 Fifi ilipoikimbiza meli nyingine ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann, kila ilipopiga mzinga wake mpya pigo la nyuma liliizuia isiende, na adui akazidi kutangulia. Mwendo wa kasi wa Mimi ndio uliomsumbua Hedwig mpaka Fifi ikapata tena nafasi ya kuizamisha. Chombo kilikuwa kimebadilishwa silaha, na hesabu ya pigo la nyuma haikurudiwa.

Baadaye kidogo ikaonekana Graf von Götzen, meli kubwa kuliko zote ziwani, na Spicer-Simson akakataa kuifuata. Simlaumu kwa siku ile. Boti zake ziliandaliwa kwa adui mwingine. Namlaumu kwa miezi iliyofuata. Wajerumani waliuondoa mzinga mkubwa wa Götzen wakaupeleka vita vya nchi kavu, wakaweka badala yake wa mti. Juni 1916, Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga, Wajerumani walitoroka kwa majahazi Spicer-Simson akiwa mbali na pwani kwa kuiogopa mizinga ya ngome yao, nayo pia ilikuwa ya mti. Mtu aliyevusha boti juu ya Mitumba hakutuma mtu kwenda kutazama vizuri.

Wajerumani walipolazimika kuizamisha Götzen wenyewe karibu na Kigoma, Julai 1916, mafundi waliokuja nayo kutoka karakana ya Meyer ya Papenburg, walioiunga upya baada ya kusafirishwa vipande vipande hadi Kigoma, walizipaka injini zake mafuta mazito kwanza, kila sehemu ya chuma inayocheza, ndipo wakaiacha iende chini. Waliwaza juu ya fundi mwingine wasiyemjua, atakayekuja siku nyingine kuziwasha. Ilikaa majini miaka. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikibeba abiria na mizigo ya watu wa Kigoma na Mpulungu. Injini zilezile za mvuke zikaisukuma mpaka miaka ya 1970, zilipobadilishwa kwa za dizeli.