Michoro ya Stejini

Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimpa mchoraji Joy Adamson kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya wakiwa katika mavazi yao ya jadi. Alichora mamia ya picha, na kila shanga na ngozi aliitendea haki. Naziheshimu kazi zile. Ila waliochorwa walijipamba, wakatulizwa, wakasimama kwa niaba ya kabila zima. Namna mtu alivyocheka na jirani yake haimo.

Hapa Wang'uru, Mwea, yupo mwendesha bodaboda ambaye, akikosa abiria stejini, huwachora wenzake kwa kalamu ya biki nyuma ya kalenda kuukuu. Mmoja kalala juu ya tangi la pikipiki, jaketi usoni. Mama muuza mchele wa pishori kashika gorogoro la kupimia huku macho yake yakimfuata mteja anayeondoka. Mwingine, aliyepandikiza mpunga tangu utotoni, amesimama mkono kiunoni. Alipoonyeshwa mchoro huo aliuliza, "Kumbe mgongo wangu umepinda hivi?" Hakuna aliyecheka.

Mkono ule kiunoni hauonwi na mpita njia. Huonwa na aliyekaa na mtu misimu mingi, akajua ni saa ngapi maumivu humwanza, na anavyoyaficha watu wakipita. Naamini huko kutazamwa ndiko urafiki wenyewe. Mchoraji naye hujifichua: tunaona ni nani anayemhangaikia, na ni kitu gani kwa wenzake hakiwezi kumpita.

Kutazamwa huko kuna uzito wake hapa Mwea. Mashamba haya ya mpunga yalianza kuchimbwa miaka ya 1950 na waliozuiliwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya vita vya Mau Mau. Serikali iliwapanga kwa rangi: weupe, kijivu, weusi, kwa jinsi ilivyopima ushupavu wao. Kila mmoja wa watu wale alikuwa na namna yake ya kuegemea jembe, na mwenzake wa zamu aliijua. Natamani mno huyo mwenzake angekuwa na kipande cha karatasi.

Kuna waliomshauri kijana yule aitundike michoro yake mahali pa wazi, na mimi ni mmoja wao. Yeye husema kwanza wenyewe waulizwe, kwani walichorwa wakiwa hawajajipanga. Mmoja amekwisha kukataa. Mchoro wake ulichanwa palepale, mbele yake, na urafiki wao unaendelea.